Nguruwe Waliorithi

Juzi nilikwenda ofisi ya mifugo hapa Masasi kuulizia chanjo ya mbwa wangu. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Chiwata, kanga kaikaza kiunoni kama aliyekuja kugombana. Nguruwe wake weupe wa kisasa wameugua wakafa, kabaki jike mmoja. Wa jirani yake, weusi wa kienyeji, wanafukua tu kama kawaida.

“Kawawekea dawa, huyo jirani,” alisema.

“Hapana, mama,” bwana mifugo akajibu. “Hao weusi wengi wanahimili magonjwa ya huku kuliko weupe. Ni kitu cha kurithi.”

Mama akapiga kofi mezani. “Kurithi! Mikorosho karithi. Nyumba ya bati karithi. Benchi la mbele kanisani karithi kwa babu yake. Leo na nguruwe wake nao wamerithi?”

Sisi wa nyuma tukaangalia viatu vyetu tusicheke. Bwana mifugo akamshauri taratibu: yule jike akishapimwa, ampandishe kwa dume la jirani, huenda watoto wakarithi ugumu wa baba yao.

Mama akaifungua kanga, akaifunga upya.

“Kijana wangu alipoposa kwa jirani huyo, walimkatalia binti yao. Walisema ukoo wetu haueleweki.”

Hapo hakuna aliyetaka kucheka tena. Wivu nami naufuga, ndugu msomaji, na sijaona bado mbegu ya mtu inayouhimili.

Alipofika mlangoni akageuka.

“Jike nitampeleka. Ila safari hii mahari watatoa wao.”