Betri ya Kulia

Spès alikuwa na mazoea yaliyowachekesha mafundi wenzake wa Busanza, mjini Kigali: kabla hajagusa gari la mtu, alinawa mikono kwa sabuni.

"Unanawa ili ukajichafue?" walimuuliza.

"Nanawa ili nisikie waya," aliwajibu, akaendelea kujifuta.

Mazoea hayo aliyatoa kwa baba yake, fundi redio wa Buyenzi, kule Bujumbura, aliyemlea pembeni ya meza ya kazi. Alipohamia Kigali na mumewe, Silvère, alianza kwa kuuza vitambaa, lakini biashara hiyo haikumpenda. Siku moja moto, yaani pikipiki ya abiria, iliyokuwa imembeba ilizimika taa na honi njiani kwenda Masaka, pembezoni mwa mji. Spès akashuka, akaifungua, akafunga waya uliolegea kwa pini ya nywele. Wiki iliyofuata madereva wa moto walikuwa wanampigia hodi nyumbani. Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita. Sasa ana kibanda chake cha mabati chenye jina lake mlangoni kwa rangi ya buluu, na kazi yake kubwa ni umeme wa malori.

Jumanne moja lori la Kalisa likaletwa pale likivutwa kwa kamba. Lilikuwa Fuso la kijani, limepambwa kama bibi harusi: taa za ziada mbele, taa za rangi ubavuni, kamera ya nyuma, redio, feni, friji ndogo ya vinywaji, na honi inayopiga wimbo mzima. Kalisa mwenyewe, mtu mnene wa miaka hamsini na kitu, alishuka akiwa amekasirika. Mkewe Harriet, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo, akashuka nyuma yake bila haraka, na mkoba wa chakula mkononi.

"Mama Aurore," Kalisa alisema, akimwita Spès kwa jina la binti yake kama wafanyavyo watu wote pale, "sitaki unitolee kitu hata kimoja. Friji ibaki, honi ibaki. Wewe nitafutie tu betri ya kweli, si hizi takataka alizoniuzia yule mwizi."

"Mwizi gani, mzee?"

Harriet akaguna. "Anamsema Norman. Rafiki yake tangu utoto, huko Karagwe. Mwezi wa nane huu hawasalimiani."

"Betri tatu!" Kalisa alipaza sauti. "Tatu, mwaka mmoja! Zote zimekufa mikononi mwangu. Mtu niliyekua naye, tumeimba kwaya moja, ananiuzia betri mbovu mara tatu!"

Spès akachukua sabuni. Alinawa mikono, akafunua kifuniko cha betri, akarudi nyuma hatua moja.

Umeme wa lori kubwa hutoka kwenye betri mbili zilizounganishwa moja na nyingine, nguvu zao zikajumlishwa. Hizi mbili zilikuwa hazionekani. Juu yake kulikuwa na kichaka cha waya wa kila rangi, mwingine umesokotwa kwa vidole tu, mwingine umefungwa kwa mfuko wa plastiki. Mmoja ulikuwa umeyeyuka ngozi na kuacha shaba wazi, karibu kabisa na chuma cha fremu.

"Mana we, Mungu wangu," alisema taratibu. "Mzee, hili gari lilikuwa linakuonea huruma. Lilitakiwa liwe limeungua."

Harriet akaja kuchungulia, akajishika kifua.

Wakaanza. Spès aliufuata kila waya kutoka betrini hadi mwisho wake, akawauliza wenye gari unalisha nini. Kalisa hakujua hata mmoja. Kila chombo alikuwa amefungiwa na fundi tofauti, mji tofauti, kwa haraka. Basi Harriet akatoa kalamu, vipande vya karatasi na gundi kutoka kwenye mkoba wake, akaketi juu ya gurudumu la akiba, akawa anaandika majina kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: FENI. REDIO. FRIJI. Spès aliita, yeye akaandika na kubandika. Kufikia mchana wanawake wale wawili walikuwa wanacheka kama waliosoma darasa moja, na Kalisa ndiye aliyetumwa kununua maji.

Aliporudi alimkuta Spès ameinama juu ya betri, kipimo cha umeme mkononi.

"Mzee, njoo hapa. Ile betri ya kwanza iliyokufa, ilikuwa ya upande gani?"

"Wa kulia."

"Na ya pili?"

Kalisa akafikiri. "Kulia."

"Ya tatu?"

"Kulia pia. Kwa nini?"

"Sasa nisomee hizo karatasi za Mwalimu. Moja moja, na unionyeshe waya wake umeshika betri gani."

Kalisa akainama. "Feni... kulia. Redio, kulia. Friji... kulia. Kamera..." Sauti ilikuwa inapungua. "Chaja ya simu. Kulia."

"Vyombo hivyo vinataka nguvu ya betri moja, si ya mbili," Spès alieleza. "Mafundi wako wakachukua njia ya mkato, wote wakanyonya kwenye hii moja. Mashine ya kuchaji hugawa sawasawa, haijui kwamba mmoja ana njaa na mwenzake ameshiba. Huyu wa kushoto anachemka mpaka maji yanakauka. Huyu wa kulia anakufa. Ungeweka betri ya dhahabu hapa, ingekufa vilevile."

Kalisa alikaa chini, juu ya jeki.

"Kwa hiyo Norman..."

"Betri zake zilikuwa nzima," alisema Spès.

Harriet alijaribu kujizuia. Akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakatikisika, mwishowe kicheko kikamtoka hadi machozi. "Miezi minane!" alisema. "Miezi minane unabadilisha barabara usipite dukani kwake!"

"Usicheke, Harriet. Jumamosi ni gusaba ya Kirezi."

Kicheko kikaisha. Harriet akamweleza Spès: Kirezi ni binti wa Norman, na Kalisa ndiye baba yake wa ubatizo. Siku ya gusaba, upande wa mume watakapokuja kumwomba binti, Kalisa ndiye aliyetakiwa tangu zamani aketi mbele na kujibu kwa niaba ya familia. Kadi ya mwaliko ilikuja. Kalisa aliiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Spès aliitazama ile sura nzito ya Kalisa, akaona aibu inavyomkaba mtu mzima. Kumwambia ampigie Norman simu asingeweza. Ila kazi ilikuwa bado, na kazi ina mahitaji yake.

"Mimi nahitaji betri mbili mpya, za aina moja," alisema. "Hizi zote zimeumia. Naagiza?"

Kalisa akainuka kwenye jeki. "Agiza," alisema. "Kwake."

Spès akapiga simu kama fundi yeyote, akataja ukubwa na mahali. Hakutaja lori la nani.

Jumatano Norman alikuja mwenyewe, mrefu, mwembamba, miwani puani. Akashusha betri ya kwanza kutoka kwenye gari lake, akainua macho, akaliona Fuso la kijani. Akasimama na ile betri kifuani.

Kalisa akatokea nyuma ya lori. Hotuba aliyoifanyia mazoezi usiku ilimtoroka yote.

"Lete nikusaidie, ni nzito," alisema.

"Nimezizoea," Norman alijibu. "Miaka ishirini nauza mbovu."

"Norman. Ni mimi. Ni waya zangu. Mama Aurore, mwonyeshe."

Spès akamwonyesha. Norman alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akauangalia ule mkungu wa waya uliokuwa umekatwa na kulazwa juu ya turubai.

"Hivi vyote? Kwenye betri yangu?"

"Vyote."

"Na friji?"

"Na friji."

Norman akaiweka betri chini polepole. "Masikini betri yangu," alisema, na sauti ikamvunjika katikati, hata hakuna aliyejua kama analia au anacheka, mpaka Kalisa alipomkumbatia na wote wawili wakawa wanacheka kwa nguvu, wakipigana migongoni, wakisema Kihaya na Kinyarwanda na Kiswahili kwa pamoja.

Mchana ule ulikuwa mtamu. Spès alifunga kifaa cha kupunguza nguvu, kikichukua kutoka betri zote mbili kwa usawa. Akaweka fyuzi kuu karibu na betri, kisha sanduku dogo ambamo kila chombo kilikuwa na fyuzi yake na jina kwa mwandiko wa Mwalimu. Waya akazilaza sambamba, akazivika mpira, akazifunga kila baada ya upana wa kiganja. Norman alimshikia taa. Vichwa vya betri vilibaki na nyaya nne tu, safi, utadhani lori limetoka kiwandani.

"Washa," alisema Spès.

Injini ikaitika mara moja. Kalisa akawasha kila kitu kwa mpigo, taa, feni, redio, halafu akabonyeza honi, na wimbo ukatoka mzima mzima hadi watoto wa mtaa mzima wakaja mbio na kuanza kucheza kwenye vumbi.

Jumamosi, huko Masaka, Kalisa aliketi mbele, fimbo mkononi, akawazungusha wageni kwa maswali na mafumbo mpaka wakatoka jasho, kabla ya kukubali kumtoa Kirezi. Spès alialikwa pamoja na Silvère, wakawekwa meza ya familia. Alivaa mushanana, vazi la sherehe, wa zambarau. Ngoma zilipoanza, mama wa Kirezi alikuja kumshika mkono.

"Wewe ndiye fundi? Simama basi, tucheze."

Spès akamwachia Silvère soda yake, akasimama, akanyoosha mikono juu.