Kidonda Kilichowahi Kupona

Watu huoneana wivu kwa gari, kwa mume, kwa nywele. Mimi nilimwonea mwenzangu wivu kwa sababu ya kidonda, tena kidonda chenye usaha, kilichokuwa kwenye mguu wa mtu mwingine kabisa.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji mjini Kisumu, na hospitali yetu ilitaka kufungua tena chumba cha vidonda kilichokuwa kimefungwa muda mrefu. Ufunguo wake angekabidhiwa atakayefanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa cheti cha kuuguza vidonda. Wodini kwetu tulijiandikisha wawili, mimi na yeye. Niliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kuitwa huku na kule kupima joto na kumwaga mikojo. Nilitaka mlango wangu, beseni langu, na benchi la watu wanaonisubiri mimi.

Yeye alikuwa mtu wa Nyakach, aliyekulia kwenye Kijaluo, na kicheko chake kilifika wodini kabla yake. Ningependa kusema alikuwa mvivu, lakini hakuwa. Alikuwa anapendwa tu, bure, bila kutoka jasho. Akipita, wagonjwa waliinua vichwa kwenye mito. Nikipita mimi, waliniuliza yeye yuko wapi. Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, mtoto wa mjini, na Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni: hii ni ngapi, punguza, ongeza kidogo. Kando ya kitanda cha mgonjwa hakikunifikisha mbali.

Mtihani wenyewe ulikuwa na desturi yake. Kila mmoja alichagua mgonjwa mapema, akamuuguza kwa wiki kadhaa, kisha siku ikifika alikifungua kidonda hichohicho mbele ya mtahini, akakisafisha, akakijaza shashi safi na kukifunga upya huku akijibu maswali. Bila kidonda hukupata alama. Yeye alimchagua mchuuzi wa Otonglo aliyemwagikiwa mguuni na mafuta ya kukaangia samaki. Mimi nilimchagua mama mzee kutoka Pap Onditi, hukohuko Nyakach, mwenye kidonda juu ya kifundo alichoishi nacho miaka. Kwao walikuwa wamekipaka majivu, unga wa betri na majani nisiyoyajua. Alikuja hospitalini na kiatu kimoja. Cha pili alikiacha nyumbani, kwa sababu mguu ulikuwa haukiingii tena.

Nilijifua, si mchezo. Nyumbani nilitandaza omena wakavu kwenye sinia, nikawa nawahamisha mmoja mmoja kwa koleo bila kugusa ukingo, ili mkono uzoee. Mama yangu alisimama mlangoni akanitazama.

"Na hao samaki wanaumwa wapi?" akauliza.

"Mama, nasoma."

"Basi ukimaliza kuwatibu, niletee niwapike."

Wodini nililowesha bandeji kwa maji ya chumvi mpaka ikaachia yenyewe, ndipo nikaiinua. Kipande kimoja cha pamba nilikipitisha mara moja tu, kuanzia palipo safi kwenda palipo pachafu, nikakitupa. Nilipaka asali. Mama mzee aliuma ncha ya kanga yake, akavumilia. Kisha, nikiwa bado nimepiga magoti miguuni pake, aliuliza:

"Sista, yule msichana yetu ako wapi leo?"

Yetu! Mgongo unaniuma, mikono inanuka usaha wake, na msichana wake ni yule. Na yule alikuwa anakuja kweli. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, wakacheka habari za kwao ambazo sikuzielewa, na mama akamwita nyara, binti yangu. Mimi nilibaki sista. Niliwasikia nikiwa kwenye karai la kuoshea vyombo, na nilivisugua vile vyombo kama vimenitukana.

Wivu ule ndio ulioniponza. Nilikiosha kidonda kwa hasira, asubuhi na jioni, hata siku zangu za mapumziko nilikuja. Nilijua nikiruka siku moja tu, mama atamwita binti yake, na binti yake atakuja na kicheko chake kukifungua kidonda changu. Kidonda kikaanza kuwa chekundu kizuri. Kingo zikasogeleana.

Ndipo habari ikaja kwamba mtahini wa kutoka Nairobi atachelewa. Mkuu wa wodi yetu, mwanamke wa maneno machache, alinivuta kando ya kabati la dawa.

"Wewe, hiyo haraka yote ya nini? Hiyo kidonda wacha ipumzike. Usifungue mpaka mgeni afike."

Nilimwelewa vizuri. Bandeji ikikaa bila kubadilishwa, kidonda hurudi nyuma chenyewe, na hakuna wa kukulaumu. Siku nzima nilitembea na wazo hilo. Nilitamani, nasema wazi, nilitamani kile kidonda kisipone. Lakini jioni nikamwona mwenzangu amesimama kando ya kitanda cha mama, anaichungulia bandeji, na mama anamnyooshea mguu. Nikachukua trei yangu na kwenda kukiosha.

Siku ya mtihani mtahini aliinama na miwani yake. Niliifungua bandeji taratibu, kama nilivyofunzwa na omena. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya waridi.

"Kidonda kiko wapi?" akauliza.

"Kimepona, madam."

"Basi utafanya nini?"

Nilipewa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki kidoleni, kitundu ambacho hata mama yangu angekifunga akiwa anasonga ugali. Nikafaulu, ndiyo, kwa alama za kitundu. Kwenye kitanda cha pili, mwenzangu aliufungua ule mguu wa Otonglo, mpana, wenye kila kitu ambacho mtahini alitaka kuulizia. Nilisimama pale nikiuonea wivu usaha wake. Ufunguo akapewa yeye.

Wiki iliyofuata mama mzee aliruhusiwa kwenda. Mtoto wake alikuja kumchukua, na ndani ya kikapu alikuwa amebeba kile kiatu cha pili. Mama alikaa kitandani akaniita.

"Sista. Vaa mimi kiatu."

Nilipiga magoti mara ya mwisho. Mguu uliingia. Nikafunga kishikizo, naye akasimama, akatembea mpaka dirishani, akageuka, akarudi, huku wodi nzima ikipiga makofi. Mwenzangu alikuwa ametoka kwenye chumba chake kipya kuja kumuaga, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Mama alipita mbele yake bila kusimama, macho kwenye viatu vyake viwili.

Mwenzangu hakucheka. Aliutazama ule mguu, kisha akanitazama mimi. Macho yale niliyajua, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nayo wiki zote zile.

Nilimwacha atazame.