Moshi wa Nyumba za Waliorudi

Moshi wa kuni mbichi za mkaratusi una ukali unaokwangua koo. Mpaka leo nikiusikia sokoni Kasulu, nyuma ya vibanda vya mama lishe, husimama ghafla nikautazama mlango ulio karibu, nione nani atatoka. Wanawake ninaouza nao maharage hunicheka, wanasema nimemwona mkwe. Nami hucheka nao, lakini macho yangu hayatoki mlangoni. Naogopa moshi unaotoka kwenye nyumba isiyo na mtu, na nina sababu.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi upande wa Kibondo, juu ya kilima ambacho ukungu wake hauondoki mpaka jua lipande, na miezi ya mvua hurudi tena mchana bila kubisha hodi. Burundi niliijua kwa masimulizi tu, kama watoto wengine wanavyoijua mbingu. Bibi yangu mzaa mama hakupenda kuitaja siasa iliyowatoa kwao. Aliiita "ile mvua", na ukimdadisi alikutuma maji. Nilipokuwa darasa la pili wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba kwetu kumetulia, watu warudi, kambi ifungwe. Mama yangu, niliyemwita Mawe kama tunavyowaita mama zetu, hakuamini maneno ya kipaza sauti. Akavuka mpaka kwa miguu kupitia Kumsenga, ili aone kama shamba letu bado ni letu au limeshapata mwenyewe mwingine. Alimwambia Bibi, "Msipande lori mpaka nije niwachukue." Basi tukabaki tukimsubiri, na malori yakaanza kuja.

Kwa watu wa kilima alikotoka Bibi kule Burundi, mtu akisafiri, moto wa nyumba yake hauachwi ukapoa mpaka ijulikane kwamba amefika. Jiko lililopoa mchana ni tanzia. Ukipita ukaona nyumba za watu zinafuka na moja haifuki, unajua wenyewe hawapo tena duniani. Jirani yetu Mama Donata alipokuwa anapanda lori na watoto wake, alimshika Bibi mkono akamwita kwa heshima ya wazee, "Mukecuru, utuangalizie moto." Bibi akakubali. Waliomfuata wakasikia, nao wakaomba, na Bibi hakuwa mtu wa kumkatalia anayeondoka. Alidhani ni jambo la siku chache. Lakini simu hazikuwapo, waliofika hawakuwa na njia ya kutuambia wamefika, na ahadi ni deni. Hakuna moto hata mmoja tulioruhusiwa kuuacha.

Mwisho tukabaki sisi na vikongwe wachache wa mtaa wa mbali, na nyumba tupu pande zote. Watu walikuwa wameng'oa milango na madirisha wakaondoka navyo, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa imeachama. Kengele ya shule, kipande cha rimu ya gari, ilining'inia bila mtu wa kuigonga, na upepo ukiwa mkali ilijigonga yenyewe. Kila siku tangu asubuhi tulizunguka, Bibi na makaa ya jiko letu katika kigae, mimi na mzigo wa kuni kichwani. Tuliingia katika nyumba za watu, tukapiga magoti mbele ya mafiga yao, tukapuliza, moshi ukapenya kwenye nyasi za paa, tukahamia nyingine. Jiko letu ndilo lililokuwa la mwisho kuwashwa, na mara nyingi lilikaa limepoa mpaka alasiri. Nilimwambia Bibi kwamba kinyozi hajinyoi. Hakucheka. Alisema, "Vya watu kwanza, mwana wanje, mwanangu. Chetu kiko na sisi wenyewe." Wanakijiji waliokuwa wakija kutuuzia mihogo wakaacha kuja. Walisema kambi imehamiwa na mizimu, na mizimu yenyewe inapika.

Bibi alinipa sheria moja ya kutembea mle. "Ukimwona mtu, subiri apige hodi. Asipoita, na wewe usimwite. Mtu aliye hai huita." Niliishika sheria hiyo kuliko sala zangu, kwa sababu niliogopa. Nilikuwa nasikia mchi ukitwanga katika nyumba niliyotoka sasa hivi, na nikirudi nakuta majivu tu. Siku moja ya ukungu wa mchana Bibi alikuwa ndani kwa kina Donata, nami nikatoka kwenda nyumba ya pili nikiwa nimejaa majivu usoni mpaka kwenye nywele. Juu ya njia ya Kumsenga alisimama mwanamke mwenye furushi kichwani. Hakusogea, hakusema kitu. Alinitazama, kisha akatazama upande wa nyumba yetu, akanitazama tena. Nilisubiri aseme hodi. Ukungu ukampitia, na ulipofunguka njia ilikuwa tupu. Nilimweleza Bibi. Akaniuliza kama nilimwita, nikasema hapana, akanipaka majivu kifuani na kuniambia nimefanya vizuri.

Baadaye walikuja watu wa kubomoa. Tukahamia Kitanga kwa familia ya Waha waliotukaribisha. Kiha chao na Kirundi cha Bibi vilielewana kuliko serikali mbili. Huko nikakua, nikapata uraia, nikaolewa, nikaanza biashara. Bibi alizeeka akiwa na neno moja rohoni, kwamba mwanawe alifika kwao, akaona kuzuri, akatusahau. Alikufa nalo. Iliniuma kuliko kifo chenyewe.

Miaka mingi ikapita, ndipo mfanyabiashara mmoja wa vitenge anayevuka mpaka kupitia Buhigwe akaniambia kuwa kuna mama kule sokoni Burundi aliyetaja jina la Bibi na jina langu. Nikasafiri nikiwa na pasipoti mkononi, mimi ambaye wazazi wangu walivuka mpaka huohuo wakikimbia. Nilimkuta Mawe kwenye kibaraza, amekonda, anapika kwa mkaa. Alinishika uso kwa muda mrefu, kama anayepapasa tunda sokoni. Kisha akasimulia bila mimi kuuliza.

"Nilirudi kuwachukua," alisema. "Nikasimama pale juu. Nyumba zote zilizohamwa zinatoa moshi, ya kwetu haina. Nikajua mmekufa. Halafu nikakuona wewe, mweupe kabisa, unatoka kwa Mama Donata, na mwenyewe nilishakutana naye huku, nyumba yake najua haina mtu."

"Kwa nini hukuniita, Mawe?"

"Mzimu wa mwanao unauitaje? Nilisubiri wewe uniite."

Nililia mbele yake kama mtoto wa darasa la pili, naye akalia, na chungu kikaungua.

Sasa nina jiko la gesi, na gesi haina moshi wa kumdanganya mtu. Wagombea wakija sokoni Kasulu na kofia zao wakituita wananchi, nachukua kofia, na siku ya kura napiga kura, ila kipaza sauti kikisema mahali fulani kumetulia namkumbuka Mawe, nacheka peke yangu. Binti yangu anasoma Dodoma. Akifika tu hupiga simu, na moto wangu nauzima nikitaka. Maisha yamekuwa mepesi, sitadanganya. Lakini asubuhi za ukungu, nikiona mtu amesimama kimya mbali barabarani, simsubiri apige hodi. Namwita. Mara nyingi ni mpita njia tu, anageuka akinishangaa mama mzima ninayeita watu nisiowajua. Nasema samahani, nilikufananisha, naye anaendelea na safari yake.