Mguu Alionichagulia Dada

Njoo ukae hapa sakafuni kwanza. Viatu uviache mlangoni, kisha nyoosha miguu yote miwili mbele yako. Ukiitazama vizuri utaona haiko sawa. Mmoja goti lake limelala chini bila shida, mwingine umeacha upenyo ambao kiganja kinapita. Usione haya. Kila mtu ana mguu mwepesi na mguu mzito. Wangu mwepesi ulikuwa wa kulia. Nakueleza habari zake kwa sababu unataka kuruka msamba, na sipendi ujifunze kwa njia niliyojifunzia mie.

Kuruka msamba ni kukimbia hatua chache, ukaruka, na ukiwa juu ukaitandaza miguu, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mtu aliyeketi msamba sakafuni, ila sakafu haipo. Watu hudhani ni nguvu tu za kuruka. Nguvu ni nusu. Msamba usioweza kuupiga chini ukiwa umetulia, huko juu hautakuja wenyewe.

Nilijifunza katika kikundi cha sanaa cha kiwanda kimoja alichofanyia kazi baba, karibu na kwetu Mtoni. Wakati ule viwanda vilikuwa na vikundi vyao vya ngoma na sarakasi, na mwalimu wa kuvifundisha. Kisha kiwanda kikafungwa. Baba akarudi nyumbani kwenye patasi zake za kuchongea vinyago, na kikundi kikabaki hakina mwenyewe. Mwalimu akatuambia tusitawanyike, kwani hoteli zilikuwa zinafunguliwa Mbezi Beach na wageni walitaka burudani. Baba akanipa sharti lake. Hoteli ikinichukua, basi kuruka ni kazi kama kazi nyingine. Isiponichukua, kuna cherehani kwa mama mdogo, nikajifunze kushona, na habari za msamba ziishe.

Kikundini nilikuwa na dada yangu, binti wa mama mkubwa. Alikuwa amelelewa kwetu na tulilala kitanda kimoja. Kila alasiri tulinyooshana uani, juu ya mkeka. Unalala chali, mwenzako anakushika kisigino na kuusukuma mguu taratibu kuelekea kichwani, goti likiwa limenyooka. Anayesukuma hujua mambo kabla yako. Mikono yake ndiyo inayousikia msuli wa nyuma ya paja unapoanza kugoma. Kwa hiyo humpi mguu wako mtu yeyote tu anayepita.

Mwalimu alibuni mchezo wa watu wawili. Mie na dada tungetokea pande mbili za jukwaa, turuke na kupishana katikati, mmoja akitanguliza mguu wa kulia na mwingine wa kushoto, tuonekane kama mtu na kioo chake. Sote wawili tulikuwa wa kulia. Ilibidi mmoja ahame.

"Hama wewe, mdogo wangu," dada akasema. "Mwili wako mlaini. Mie nikihama nitakatika vipande, nyie mje mniokote."

Tukacheka, nikahama.

Kuhama mguu si jambo dogo. Hatua za kukimbilia zinageuka, mguu wa kujisukumia unageuka, mpaka mkono wa kutangulia unageuka. Mwanzoni nilipoketi msamba wa kushoto, ngumi nzima ilipita kati yangu na mkeka. Dada alinisukuma kwa subira, akinihimiza nitoe pumzi, na upenyo ule ukapungua mpaka siku moja ukaisha. Nilimkumbatia kwa furaha. Nikamwuliza kama tusiunyooshe na ule wa kulia, akasema tuuache upumzike, nisiuchanganye mwili. Mara mojamoja aliushika, akausukuma kidogo, akaurudisha chini.

"Upo," alikuwa akisema. "Hauendi popote."

Mwezi wa mfungo ulipoingia, mazoezi ya kikundi yakasimama, na dada akaanza kulalamika nyonga. Mchezo wetu wa kupishana akawa hauwezi. Nilimpashia mafuta ya nazi na kumkanda baada ya kufuturu, na kuruka kwa kushoto nikaendelea nako peke yangu, ila kunyooshana mkekani hatukuacha.

Idi ilipopita tukaenda Mbezi Beach kujaribiwa. Tulikuwa wasichana watano. Msimamizi wa burudani akatueleza kwamba anahitaji wanne. Jukwaa lake lilikuwa kando ya bwawa la kuogelea, upande mmoja umezibwa na ukuta, kwa hiyo wote wangeingilia upande mmoja na kuruka kwa kufuatana, mguu wa kulia mbele. Jukwaa lenyewe lilikuwa la vigae vinavyoteleza. Wenzangu na mie tulikuwa peku, kama tulivyozoea. Dada akafungua kikapu chake, akatoa raba, akaanza kufunga kamba.

Nikamwuliza amejuaje kama kuna vigae. Aliyejibu ni mwalimu, tena bila ubaya wowote.

"Si nilikuja naye kupatazama, kabla ya mfungo? Nikamwambia akueleze kwamba mchezo wa kioo haupo tena, uurudie mguu wa kulia. Nyie mnalala kitanda kimoja, nikajua umeshapata habari."

Nikamtazama dada. Alikuwa bado ameinamia kamba za raba.

"Ningekwambia, ungenipita," akasema.

Ilikuwa kweli kwamba kwa mguu wa kulia nilikuwa naruka juu kuliko yeye. Lakini hilo silo lililoniuma. Mwezi mzima alikuwa akiushika mguu ule kwa mikono yake mwenyewe, akausikia unavyojifunga siku hadi siku, na kila mara akaniambia upo.

Niliruka. Nyonga ikageuka pembeni, mguu wa nyuma ukapinda goti, nikatua kama mtu aliyekosa ngazi. Nikaruka tena, ikawa vilevile. Nikaomba nionyeshe wa kushoto. Msimamizi alikuwa mtu mstaarabu, akaniruhusu. Nikauruka ule msamba wa kushoto tulioutafuta uani kwa miezi, na wenzangu wakapiga makofi.

"Huo ni mzuri kuliko wote niliouona leo," msimamizi akaniambia. "Lakini katika mstari wangu, wewe ndiye utaonekana umekosea."

Wakachukuliwa wanne, dada akiwa mmoja wao.

Kesho yake alasiri dada akatandika mkeka uani kama kawaida, akalala chali, akainua kisigino.

"Nisukume, mdogo wangu. Wiki ijayo tunaanza."

Niliushika. Niliusukuma taratibu mpaka nikausikia msuli wake unagoma, na hapo hapo nikasimama, maana ndivyo inavyofanywa. Kisha nikaushusha, nikaingia ndani. Yeye akanifuata anipe zamu yangu, nikamwambia sihitaji. Mguu wangu hakuushika tena, siku ile wala baadaye.

Nilikwenda kwa mama mdogo, nikajifunza kushona. Chumba cha cherehani kilikuwa na ukuta mmoja mtupu, na nikimaliza kazi nililala chali mbele yake, nikautegemeza mguu wa kulia. Ulichukua muda mrefu kurudi. Ukuta hausemi maneno matamu. Ukiuona mguu umekaza, umekaza kweli.

Hivyo hata wewe, kuruka nitakufundisha, ila sitakusukuma mguu, na usimwachie mwingine akwambie umefika wapi. Leo ukifika nyumbani, lala chali mbele ya kizingiti cha mlango, mguu mmoja uupitishe mlangoni ulale chini, mwingine uuegemeze ukutani kando ya mlango, goti limenyooka. Sogea karibu na ukuta mpaka usikie msuli unavutika, si mpaka uchome. Hapo tulia, toa pumzi polepole, kisha badilisha. Anza na mguu uliokaza, na usiinuke kabla mwenzake naye hajapata zamu yake.