Shangazi Hafungi Waya

Itangazwe kwa heshima zote: shangazi yangu hafungi waya. Nguru ana meno ya msumeno, kila mvuvi anajua, lakini yeye kati ya mshipi na ndoana hufunga nailoni nene, akililowesha fundo kwa mate na kulikaza kwa meno huku jicho moja kalifumba. Waya, asema, samaki anauona. Leo alibaki na ndoana moja tu, na kitoweo cha nyumbani kilikuwa bado baharini. Mshipi ukanyooka, ukalia, kisha ukalegea. Akavuta nailoni tupu, imekatwa kama kwa wembe.

“Si nilikwambia waya, mama watoto?” alicheka mumewe, ambaye waya wake ulikuwa majini tangu asubuhi.

“Wangu umeng’atwa. Wako unaoga tu.”