Miringa ya Mama Mmoja

Foleni za Kitale nazijua, na hakuna maneno ya foleni yanayonipita. Jumanne, kwa dirisha la kutuma vifurushi, mbele yangu alisimama msichana wa utafiti wa misitu. Alikuwa na bahasha nyingi za majani makavu ya miringa ya porini, kila mti na bahasha yake, anatuma maabara.

"Kwani hiyo miti ni migonjwa?" akauliza mama mmoja nyuma yangu, muuza miche wa Matisi.

"Hapana, mama. Ndani ya jani kuna alama za uzao. Zinatuonyesha miti gani ni ndugu. Ndugu wakizaana, watoto wanakuwa dhaifu."

Mama akaweka kikapu chini polepole. "Mimi mbegu zote natoa kwa mti moja, ule mrembo wa kanisani. Miaka yote. Ati nimeuzia watu familia moja?"

Hakuna aliyecheka. Huku kwetu bibi harusi haletwi nyumbani kabla ukoo wake haujaulizwa, mpaka ukoo wa nyanya yake.

"Hiyo yako imetoka wapi?" mama akamuuliza msichana.

"Cheptais, mama. Na hii Kimilili."

"Si unionyeshe mahali mbegu zinaanguka. Wangu waoe nje."

Msichana akamchorea njia nyuma ya bahasha tupu.

Mimi nina miringa kumi na miwili ya mama huyo. Wageni wangu wote, mpaka wa Bungoma, nimewaringia kwamba inafanana kama mapacha.