Katika Foleni ya Akina Mama

Uvimbe ulitokea chini ya chuchu ya kushoto, mdogo kama punje ya kunde, na kwa miezi mingi sikumwambia mtu. Nilidhani naijua sababu: wakati wa kutoa mpunga shambani Katindiuka, gunia moja liliniteleza likanigonga kifuani. Niliendelea kulima. Tena nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na mara kwa mara niliwaongoza wenzangu kwenda kuwaombea wagonjwa majumbani. Nilisimama kando ya vitanda vyao nikawaambia, "Mungu ana makusudi yake." Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa.

Chuchu ilipoanza kutoa damu, mke wangu aliiona kwenye shati alilokuwa akifua. Tulipima Ifakara, tukapewa barua ya kwenda Dar es Salaam. Huko daktari akatuambia ni saratani ya titi.

"Titi la nani?" mke wangu akauliza. Alidhani wamechanganya mafaili.

"La mzee hapa, mama. Wanaume nao wanaipata."

Nilicheka. Sijui kwa nini, ila nilicheka mpaka daktari akaangalia pembeni.

Waliondoa titi lote na tezi za kwapani. Nilipozinduka, mrija ulikuwa umetokeza ubavuni, unatiririsha maji mekundu kwenye kichupa. Mkono wa kushoto ulilala pale kitandani kama wa mtu mwingine.

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, kuanzia Kidatu kila tuta la barabarani lilinipasua upya. Mke wangu alinikandamizia khanga iliyokunjwa kifuani, na tulipopita Kiberege akasema, "Tumekaribia, baba," kwa sauti anayotumia kwa watoto.

Tulikuta watu wanavuna. Mimi nilivuliwa shati, nikaogeshwa kwa kitambaa, nikafungwa vifungo. Siku ya kwanza nilimwambia mke wangu, "Usiangalie."

"Nimeshaangalia," akajibu. "Inua kidevu nikusugue shingo."

Jumuiya wakaja. "Tumsifu Yesu Kristo!" Wakanizunguka, na mama mmoja mzee akanishika mguu. Mumewe nilikuwa nimemwombea mimi mwenyewe, wiki chache kabla hajafariki. Akaniambia kwa upole, "Mwenyekiti, Mungu ana makusudi yake." Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananirudishia kitu alichodhani kilimsaidia. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini watu walikuwa wanasubiri, nikaitika amina.

Kisha ikaanza dawa ya dripu, kila baada ya wiki tatu, Dar es Salaam. "Akina mama wa matiti, huku!" nesi aliita. Nikawafuata. Kwenye benchi, mama mmoja aliyejifunga mtandio wa kijani akaniuliza, "Baba, umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

Alisogeza mkoba wake nikakaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuutembeza mkono ukutani, vidole vikipanda polepole kama mdudu, hadi machozi yatoke. Alikuwa Mwislamu. Dripu ikidondoka, yeye alivuta tasbihi yake, mimi nikashika rozari yangu bila kuisali, kwa sababu kichefuchefu kilikuwa kinanikatisha kila nikifika katikati ya Salamu Maria. Siku moja nikamuuliza anaomba nini.

"Siombi kitu," akasema. "Namtaja tu. Nikiomba, naogopa kunyimwa."

Nikamwiga. Nyumbani, wakati kila kilichoingia tumboni kinarudi na mke wangu ameshika beseni, nilisema "Baba" peke yake. Sikupata amani ambayo nilikuwa nawaahidi wengine. Nilipata mahali pa kuangalia tu, kama mtu aliyelala chali anavyoangalia bati.

Siku ya dripu ya mwisho mama wa mtandio hakuwepo. Nesi alisema amelazwa wodini. Dripu ilipokwisha akachomoa sindano, akanibana pamba.

"Umemaliza, baba. Urudi baada ya miezi mitatu."

"Nimepona?"

"Umemaliza dawa," akasema, akaita jina linalofuata.

Jumapili iliyofuata padri alinitangaza kanisani kwamba nimemaliza matibabu. Tulikuwa tumeandaa debe la mpunga kwa ajili ya shukrani, lakini mimi kubeba nisingeweza. Jirani yetu Msukuma, ambaye hata si wa kanisa letu na alikuja tu kwa heshima, akalibeba begani hadi altareni, nami nikamfuata mikono mitupu. Vigelegele vikapigwa. Padri akasema tumwinulie Mungu mikono. Wa kulia ulipanda. Wa kushoto uliishia usawa wa bega, nikaushusha. Nilimshukuru Mungu, na nilimaanisha. Lakini nilishukuru huku nimeogopa, kama mtu anayemshukuru dereva wakati basi bado linakwenda.

Miezi mitatu inaisha wiki ijayo. Nimejipapasa kovu mara nyingi mpaka sijui tena kipi ni nyama yangu na kipi ni uvimbe. Mke wangu ananikataza, kisha akidhani nimesinzia mchana, anapapasa mwenyewe kwa ncha za vidole. Nami najifanya nimelala. Jana alipanga nguo zangu za safari. Nilijaribu kukunja shati moja kwa mkono mmoja, likafunguka. Akalichukua, akalikunja.